Mbuzi ya Asmaa

Bi Dhahabu alipoanguka, hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Mwanamke mzima akianguka mbele ya wenziwe na wasicheke, jua jambo limekuwa zito.

Alikuwa ameketi juu ya mbuzi mpya ya kukunia nazi, katikati ya ua wa nyumba ya Boga, baba wa bibi harusi, huko Mtongwe. Alikuna nazi kidogo, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba meno ya chuma ni makali, kisha akainama mbele kuongeza nguvu. Mbuzi ikalia ka! Mguu wa mbele ukakatika, Bi Dhahabu akaenda chini na mwili wake wote, na nazi ikabingirika mpaka mlangoni pa choo.

Bi Dhahabu alikuwa shangazi yake Abdulghani, bwana harusi, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Katika ukoo wao, mama wa mwanamume hamchukui bibi harusi mpaka kwanza akalie mbuzi ya bibi harusi huyo, akune nazi moja, na nazi ile ipikiwe wali hapo hapo. Mbuzi ikisimama imara, wanasema, nyumba haitalala njaa. Ni desturi fupi, na mpaka siku hiyo haikuwa imemuumiza mtu.

Wanawake walimwinua. Mwanarehema, mkewe Boga, alimpangusa mchanga kwenye buibui.

"Pole mama, pole sana. Umeumia wapi?"

"Nilipokalia," akajibu Bi Dhahabu. "Unataka nikuonyeshe?"

Boga alikuwa mlangoni na simu mkononi. Alikuwa akipiga video, maana alitaka kuwaonyesha wenzake mbuzi yake ikifanya kazi. Aliishusha simu polepole kama mtu anayeficha kisu.

"Mzee Boga," Bi Dhahabu akaita.

"Labeka."

"Siku ya posa ulisema nini mbele ya watu?"

"Nilisema mbuzi ya mwanangu nitaichonga mwenyewe."

"Kwa mkono wa nani?"

"Kwa mkono wangu."

"Na huu ndio mkono wako?" Akausukuma ule mguu uliokatika kwa ncha ya ndala. "Mimi naambiwa imechongwa na kompyuta. Kompyuta ina matako? Itajua uzito unakaa wapi?"

Asmaa, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amejifungia chumbani lakini sikio lake lilikuwa dirishani. Aliposikia hivyo aliuma leso asicheke. Halafu alisikia yaliyofuata, akaacha kuuma.

"Nitarudi Ijumaa, baada ya swala," alisema Bi Dhahabu. "Nisiletewe ya dukani, hiyo hata mimi ningeweza kuinunua. Nataka ile iliyoahidiwa. Ikisimama, Jumapili tunakuja kumchukua mwari. Isiposimama, mimi sitakuja, na nyinyi mtajua mtamkabidhi nani mwari wenu. Wali wenu pia sili."

Akaondoka akichechemea, na wanawake wa upande wake wakamfuata na masinia yao matupu. Sufuria la mchuzi lilikuwa bado jikoni, limefunikwa.

*

Mashine yenyewe ilikaa sebuleni, mahali palipokuwa na kochi. Si kubwa. Ni meza ya chuma ambayo mtoto mchanga angelala akatosha, na juu yake mota iliyoshika ncha ya kukatia. Unachora kwenye kompyuta, mota inatembea kwenye reli zake, na ncha inaila mbao kwa kufuata ule mchoro. Wenyewe wanaiita CNC. Majirani waliiita Kinyozi, kwa sababu ilinyoa mbao kutwa na kuacha nywele nyumba nzima: kwenye mito, kwenye sukari, kwenye kanzu ya Boga ya Ijumaa.

Boga aliinunua alipostaafu kazi ya kupaka mitambo grisi bandarini. Hakwenda kokote kufundishwa. Alitazama video za wageni ambao lugha zao hakuzielewa, akafuata mikono yao. Kazi yake ya kwanza ilikuwa samaki wa kutundikia funguo, aliyetoka akifanana na ndala. Ya pili ilikuwa sahani. Ya tatu ilikuwa mbuzi ya Asmaa, na kusema kweli ilikuwa nzuri kwa macho. Vibao vyake viwili vilikatana kama mkasi, vikakunjuka na kukunjika bila kukwama, na juu yake kulijaa maua ya asumini tangu kichwani hadi miguuni. Wanawake waliipitisha mkono kwa mkono wakiisifu, dakika chache kabla haijavunjika.

Kesho yake Boga alikwenda dukani kwa Luqman kununua gundi. Waliokuwa barazani walisogea kando kana kwamba amebeba maji ya moto.

"Mpisheni fundi," mmoja akasema.

"Mzee, karibu ukae," Luqman akamvutia kiti. "Kiti hiki ni cha plastiki. Hakina hila."

"Nasikia siku hizi Kinyozi hanyoi mbao tena. Ananyoa wakwe!" mwingine akadakia.

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Boga naye alicheka, kwa sababu asingecheka wangeendelea hadi adhuhuri. Alilipa gundi yake akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Alimkuta Asmaa uani na simu sikioni. Alipomwona baba yake aliikata.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huyo ni Abdulghani? Anasemaje?"

"Anasema shangazi yake tangu jana anakula amesimama."

"Na yeye amekasirika?"

"Yeye anacheka. Lakini anachekea chooni, asisikike." Asmaa akaanza kukunja ncha ya leso yake. "Ila amesema hawezi kuja kunichukua bila shangazi. Hana mama mwingine, baba. Nami simlaumu."

Boga alitazama chupa ya gundi mkononi mwake.

"Mpaka Ijumaa zipo siku nyingi," akasema.

"Baba, leo Jumanne."

*

Boga alikuwa na kundi la WhatsApp la watu walioanza na mashine kama yake. Aliwatumia picha ya mguu uliovunjika na kuwaomba shauri. Ushauri haukukawia, na kila mtu alikuja na wa kwake.

Kahindi wa Bombolulu, aliyekuwa akichonga vitana, alituma sauti: "Kaka, ncha yako ni butu na unakwenda mbio. Mbao hazipendi kuburuzwa. Punguza mwendo."

Lavender wa Changamwe, mwalimu wa chekechea aliyechonga herufi za watoto, akasema dawa ni gundi. "Ipake mara mbili, Mzee. Ikikauka, hata tembo atakaa."

Absalom, kijana wa tuktuk hapo Likoni, ndiye aliyetoa maneno mengi kuliko wote, na ndiye pekee ambaye hakuwa na mashine. "Mzee, design iko fiti, lakini hiyo mguu piga bolti. Weka na chuma huku chini. Hapo hata lori ikipanda, wapi!"

Boga aliwatii wote watatu. Alipunguza mwendo, akapaka gundi, akapiga bolti. Mbuzi ya pili ilitoka ikifanana na gia ya lori. Mchana wa Jumatano aliiweka uani, akasema bismillahi, akakaa na kuinama mbele kama anayekuna.

Ka!

Mwanarehema alitokeza kichwa jikoni. Alimwona mumewe mchangani na bolti imesimama peke yake, haijashika kitu.

"Angalau bolti imebaki," akasema.

"Mama Asmaa, tafadhali."

"Sina neno. Simu yako nimeiazima kidogo. Yule Absalom wako anataka kuanza, hana mashine, na mimi nina mashine na sina kochi. Nimemwambia aje na tuktuk yake Ijumaa alasiri. Bei mtapatana."

Boga alibaki ameketi chini. "Umeiuza Kinyozi?"

"Wewe umeuza harusi ya mwanangu kwa maua ya asumini. Mimi nimeuza chuma. Nani amepata hasara?"

Boga akaiokota bolti, akaitia mfukoni.

Mwanarehema alikuwa akikaanga viazi karai kila alasiri na kuviuza mlangoni, na siku hiyo kuni zilikuwa chache. Aliviokota vipande vya mbuzi ya pili, akaketi mbele ya jiko, akaanza kuvivunja juu ya goti. Vilivunjika kwa sauti ndogo tamu, kimoja baada ya kingine.

"Mbao zako za kistaarabu, wallahi," akasema. "Kuni nyingine hunitoa jasho. Hizi kama mkate."

Boga alikuwa akipangusa mchanga kwenye suruali. Akaacha.

"Vunja tena."

"Nini?"

"Hicho. Kivunje tena hapo hapo."

Mwanarehema akakivunja. Ka!

"Sasa kigeuze. Kivunje kwa upande wa pili."

Alikigeuza akasukuma. Akasukuma tena, akauma meno, uso ukamwiva. Kipande hakikusogea. Mwanarehema alikitazama, kisha akamtazama mumewe.

"Hiki kina wazimu?"

"Mwenye wazimu ni mimi," alisema Boga. "Lete hapa. Usitie motoni! Lete!"

Aliusogeza ule ubao kwenye mwanga. Nyuzi za mbao zilipita upande mmoja, wazi kabisa, kama nywele zilizochanwa. Na mguu wa mbuzi yake ulizikata nyuzi zile kwa upana. Alikumbuka alivyofanya. Ili vibao vyote viwili vitoke katika ubao mmoja, bila kupoteza mbao, aliugeuza mchoro ukalala kwa kukingama nyuzi. Alijisifu siku ile kwa kubana matumizi. Mashine ilikata alichoambiwa. Mashine haiulizi.

Mwanarehema aliingia jikoni akatoka na mbuzi yake mwenyewe, iliyokuwa nyeusi kwa tui la miaka. Aliipangusa kwa kanga, akaiweka mapajani mwa Boga. Nyuzi zilishuka moja kwa moja, tangu kichwani mpaka mguuni.

"Imekaa hapo tangu uliponileta nyumba hii," akasema. "Unairuka kila asubuhi kwenda kutazama simu."

"Kweli."

"Na maua haina hata moja."

"Kweli, Mama Asmaa. Basi tena."

*

Shida iliyobaki ilikuwa mbao. Boga alikuwa amemaliza zote, na alichobakiwa nacho kilikuwa kipande laini cha boksi la mizigo, kisichofaa hata kuchonga mwiko.

Mwanarehema alisimama muda mrefu jikoni akitazama juu. Kwenye boriti kulikuwa na mfumbati wa kitanda, ubao mrefu wa ubavuni, wa mbambakofi, mti mgumu kama jiwe. Kitanda chenyewe kilikuwa cha mama yake. Mwanarehema alizaliwa juu yake, na Asmaa pia. Mchwa walikula matendegu yote na mfumbati mmoja. Huu wa pili uliwashinda.

"Ushushe," akasema.

"Huu? Huu ni wa marehemu mama."

"Najua ni wa nani. Ushushe." Kisha akanyoosha kidole. "Lakini nisikilize, Boga." Alikuwa hamwiti Boga ila kwa jambo kubwa. "Ukiuharibu huu, Ijumaa Absalom ataondoka na mashine, na wewe utapanda nyuma."

Alhamisi asubuhi Boga aliufunga ubao mezani kwa vibanio vyote alivyokuwa navyo. Safari hii kila kibao alikichora peke yake, na aliulaza mchoro ufuate nyuzi. Alipima, akapima tena, akaja akapima mara nyingine bila sababu. Asmaa alizima friji ili umeme wa tokeni usije ukaisha katikati ya kazi. Mwanarehema alisimama na fagio mkononi, kama askari.

"Maua je?" Asmaa akauliza.

"Hakuna maua," akasema Boga. "Mguu kwanza."

"Weka ua moja," Mwanarehema akasema. "Ni harusi, si ofisi."

Akaongeza ua moja, juu kabisa, mahali pasipobeba uzito. Kisha akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuanzia, na kidole kikakataa kushuka. Mashine ikishaanza, ilichokula hairudishi. Alifikiria Bi Dhahabu, akafikiria barazani kwa Luqman, akafikiria mama mkwe wake aliyelala juu ya ubao ule.

"Ni hiki?" Mwanarehema akauliza.

"Ndicho."

Akakibonyeza yeye.

Mota ikanguruma. Ncha ilishuka, ikagusa mbambakofi, ikapiga ukelele mmoja uliowafanya wote watatu kurudi nyuma. Boga akakimbilia kompyuta, akapunguza mwendo, akapunguza tena, na ukelele ukageuka kuwa mnong'ono. Ushauri wa Kahindi ukapata siku yake. Vumbi jekundu likaanza kutoka, na sebule ikajaa harufu ambayo Mwanarehema alikuwa hajaisikia tangu utotoni. Alifagia tu, akafagia hata palipokuwa safi.

Adhuhuri ilipoadhiniwa vibao viwili vilikuwa mezani. Boga alivipiga msasa, akaviunganisha, akahamisha chuma cha meno kutoka kwenye mbuzi ya kwanza. Akataka kukaa kujaribu.

"Ondoka," Mwanarehema akamwambia. "Wewe hujui kukuna." Akakaa yeye, akainama mbele kwa nguvu zote. Mbuzi haikulia. Akasimama, akaenda kuchochea moto. Lakini Asmaa aliyekuwa jikoni anasema mama yake alikuwa akiimba.

*

Ijumaa walifika wote kwa mpigo. Absalom alisimamisha tuktuk yake mlangoni akiwa na kamba na blanketi la kufunikia mashine, na nyuma yake Bi Dhahabu na wanawake wake wakateremka kutoka tuktuk mbili nyingine. Absalom aliwapisha, akawafuata hadi uani, akajibanza ukutani.

"Wewe nani?" Bi Dhahabu akamuuliza.

"Mimi? Shikamoo mama. Mimi nimekujia tu mashine."

"Marahaba. Ngoja basi. Huenda ukabeba na mtu."

Hakukubali nazi ya mwenyeji. Alitoa ya kwake mkobani, kubwa, imekomaa hadi ganda limekuwa jeusi, nazi ya kumtafutia mtu ubaya. Akaipasua. Akaizunguka mbuzi mara moja, akaiinua, akaipima uzito kwa mkono.

"Maua yako wapi?"

"Limo moja, mama," alisema Boga. "Hapo juu."

"Mengine?"

"Yalikwenda motoni."

Bi Dhahabu akakunja buibui lake. Mmoja wa wanawake wake alitandika mto nyuma ya mbuzi, chini mchangani, na hakuna aliyemwambia auondoe. Dirishani, Asmaa alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili.

Bi Dhahabu akakaa.

Alikaa nusu kwanza, kama anayekaa kwenye kiti cha daktari. Kisha akajiachia. Mbuzi ikalia kidogo, mlio mfupi wa ubao ukikaa mahali pake, na Boga akafumba macho. Alipoyafumbua Bi Dhahabu alikuwa akikuna. Krr, krr, krr. Akainama mbele. Akainama zaidi. Kifuu cha kwanza kikabaki kitupu. Akanyoosha mkono bila kuinua uso.

"Nipe cha pili."

Akakipata. Alipokimaliza hakuinuka.

"Nazi nyingine ipo?"

Mwanarehema alileta mbili. Bi Dhahabu alizikuna zote, na katikati ya ile ya mwisho alijirusha juu kidogo akajibwaga tena, makusudi kabisa, akimtazama Boga. Mbuzi ikanyamaza kimya.

"Mbao gani hii?"

"Mbambakofi," Mwanarehema akajibu. "Mfumbati wa kitanda cha mama yangu."

Bi Dhahabu aliupapasa ubao, safari hii kwa kiganja chote.

"Ungesema tangu mwanzo kwamba mtu mwenye akili yumo humu ndani," akasema. "Pikeni wali. Nina njaa tangu Jumatatu."

Kigelegele kikapigwa, cha kwanza kutoka dirishani, jambo ambalo bibi harusi hafai kulifanya. Uani pakawa soko. Masufuria yakatoka, leso zikafungwa viunoni, na Absalom akajikuta ameshikishwa bakuli la machicha bila kujua aliyempa.

"Sasa mama," akamwambia Mwanarehema, "hiyo mashine niibebe ama?"

Mwanarehema alimtazama, kisha akachungulia sebuleni kupitia mlango.

"Tuktuk yako inabeba vyombo?"

"Inabeba kila kitu, mama."

"Basi Jumapili utabeba vyombo vya Asmaa, na mbuzi iwe mbele watu waione. Mashine haiuzwi. Ukitaka kujifunza utakuja hapa, uondoe viatu, na utafagia mwenyewe." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, nitengenezee kibanda hapo nje. Mimi nataka kochi langu."

"Leo leo naanza," akasema Boga.

"Leo utakula."

Bi Dhahabu alikuwa bado hajainuka. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi kama mtu aliyekaa kwake, akipangusa mikono.

"Mzee Boga, na mimi nataka kama hii. Ila yangu iongeze upana."

"Kiasi gani, mama?"

Boga aliuliza kwa nia safi, kama fundi. Lakini wanawake wote waligeuka kumtazama. Mwanarehema akachukua futi ya kupimia pale dirishani, akaivuta, akamsogelea Bi Dhahabu kwa heshima zote.

"Simama, somo yangu, nikupime."

"Unipime wapi?"

"Ulipoumia."

Bi Dhahabu ndiye aliyecheka wa kwanza.